Kula nje China kwa posho ya mwanafunzi

Anayesoma China kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo hupewa posho ya yuan 2,500 kwa mwezi akiwa shahada ya kwanza, 3,000 akiwa uzamili na 3,500 akiwa uzamivu. Mwenye ufadhili kamili ameshalipiwa ada na bweni, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha hiyo huishia tumboni. Inatosha, hata ukila nje kila siku bila kuwasha jiko, na mabweni mengi hayaruhusu jiko la umeme chumbani. Anayeishiwa tarehe 20 mara nyingi hakula vyakula vya kifahari. Amekula kwa saa isiyo ya mji ule, hakusoma kipimo kilichoandikwa pembeni ya bei, au amezoea kuletewa chakula hadi getini.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kula katika bwalo la chuo: asubuhi yuan 6, mchana 14, jioni 14, jumla 34 kwa siku, au 1,020 kwa mwezi. Anayekula asubuhi bwaloni kwa yuan 6, kisha akaagiza mchana na jioni kwa simu, kila mlo yuan 25, anatumia 56 kwa siku, sawa na 1,680. Tofauti ni yuan 660, zaidi ya robo ya posho ya shahada ya kwanza, na huenda wali aliokula ni uleule. Bei za hapa ni za miji kama Wuhan, Xi'an au Changsha. Beijing, Shanghai na Shenzhen ni ghali zaidi nje ya geti la chuo. Ndani ya geti pengo ni dogo.

Mtaani yuan huitwa kuai (块). Ukisikia "shi'er kuai", ni yuan 12.

Wiki ya kwanza

Usitue bila noti za yuan mfukoni. 500 zinatosha kuanzia. Kabla ya kuondoka nyumbani, weka Alipay na WeChat, programu za kulipia, kwenye simu, unganisha kadi ya Visa au Mastercard, na iambie benki yako ifungue malipo ya nje ya nchi. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya kigeni hayakatwi ada na programu hizi. Yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Mlo wa mtu mmoja haufiki huko, lakini bili ya meza nzima huweza kufika. Kwa hiyo usijitolee kulipia watu kumi kwa kadi ya nyumbani ukitegemea watakurudishia.

Posho huingia kwenye akaunti ya benki ya China, na benki itataka pasipoti na namba ya simu ya hapohapo. Ikishafunguliwa, iunganishe na WeChat na uache kadi ya nyumbani ipumzike.

Kisha kadi ya chuo, yikatong (一卡通). Hiyo ndiyo inayofungua bwalo. Iongezee yuan 200 kwanza, si 1,000, maana kadi iliyopotea kabla hujaifungia huweza kutumiwa na aliyeiokota. Ikipotea, ifungie siku hiyohiyo kwenye programu ya chuo au ofisi ya kadi. Madirisha mengi ya bwalo hayapokei noti, na mgeni asiye na kadi ama hukataliwa ama hutozwa zaidi.

Bwalo na saa zake

Bwalo la chuo huitwa shitang (食堂), na chuo kikubwa kina zaidi ya moja. Chakula cha asubuhi hutolewa kuanzia kama saa 12:30 hadi saa 3. Cha mchana ni saa 5 hadi saa 7. Cha jioni ni saa 11 hadi saa 1 usiku. Saa hizi si za kupamba ukuta. Saa 6:40 mchana nyama imekwisha na kilichobaki kimepoa. Saa 1:15 usiku wahudumu wanapiga deki kati ya miguu yako.

Hapa ndipo Mswahili anapopotelea. Dar es Salaam na Mombasa watu wanakula usiku saa 2 au saa 3. Ukienda na saa hiyo China, bwalo limefungwa na njaa inakuelekeza kwenye simu au kwenye vibanda vya mishikaki, na huko yuan 14 zinageuka 30. Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kukubali kula saa 11:30 jioni kama wenyeji. Ya pili, ukiwa bwaloni jioni, ni kununua cha usiku mapema: mkate wa mvuke usio na kitu ndani, mantou (馒头), kwa takriban yuan 1, na mayai mawili yaliyochemshwa kwenye chai na viungo, chayedan (茶叶蛋), kwa yuan 1.5 hadi 2 kila moja. Jumla yuan 5, na unalala.

Mchana, wahi kabla ya saa 5:40. Darasa la mwisho la asubuhi likitoka, foleni hufika mlangoni, na mwenye haraka huingia kwenye dirisha lisilo na foleni, ambalo kwa kawaida ndilo la bei kubwa.

Dirisha la kutafuta ni lile la vyakula vilivyokwisha kupikwa kwenye trei, unavyoviona kwa macho. Mpangilio wa kawaida ni yi hun liang su (一荤两素): kitoweo kimoja cha nyama na viwili vya mboga. Unanyoosha kidole, unasema "zhege" (hiki), mara tatu. Wali huulizwa kwa kipimo. "Er liang" (二两) humtosha mtu wa kawaida, "san liang" (三两) ni kwa mwenye njaa. Pembeni huwa kuna ndoo ya supu ya bure, nyepesi sana, yenye mwani au yai lililochapwa. Usiidharau. Inaondoa haja ya kununua soda.

Mboga peke yake hushusha bei hadi yuan 8 au 9, na zipo zinazoshibisha kweli: mayai kwa nyanya, xihongshi chao jidan (西红柿炒鸡蛋), ambayo ulimi wa Afrika Mashariki huitambua mara moja ingawa wapishi wengine hutia sukari, viazi vilivyokatwa nyuzinyuzi, tudousi (土豆丝), na kabichi ya kukaanga kwa moto mkali.

Asubuhi bwaloni haina mpinzani. Maziwa ya soya, doujiang (豆浆), yuan 2; andazi refu la kukaangwa, youtiao (油条), yuan 2; yai moja. Ukitaka cha mtaani, kila mji una chake. Wuhan wana reganmian (热干面), tambi zilizokorogwa na rojo ya ufuta, zinaliwa ukitembea. Guangzhou wana changfen (肠粉), karatasi laini ya unga wa mchele iliyopikwa kwa mvuke. Mlo wa asubuhi wa mtaani ndio mlo wa nje wa bei nafuu kuliko yote China, na ndio ambao wanafunzi wa kigeni hulala ukawapita.

Mizani

Bei nyingi si za sahani, ni za uzito. Maneno mawili yatakuokoa: jin (斤) ni gramu 500, liang (两) ni gramu 50. Bei iliyoandikwa 2.8 元/两 au 2.8 元/50g (元 ni yuan) si ya bakuli. Ni ya gramu 50, maana yake kilo moja ni yuan 56. Wenye maduka hupenda kuandika kwa liang kwa sababu namba inaonekana ndogo. Si wizi, ila usipojua utajilaumu.

Uwanja mkuu wa somo hili ni malatang (麻辣烫). Unachukua bakuli na koleo, unachagua mboga, tofu (jibini la soya), uyoga, tambi na nyama kwenye rafu, inapimwa, inachemshwa kwenye supu, unalipa kwa uzito. Mgeni hujaza bakuli hadi juu akafikisha gramu 600: kwa 2.8 kwa liang, hiyo ni yuan 33.6. Gramu 350 ni yuan 19.6 na zinamshibisha mtu. Fanya hivi:

Kung'uta maji ya mboga za majani kabla ya kuziweka; maji nayo yanapimwa.

Chukua vitu vikavu vinavyovimba vikichemka: tambi za wanga, fensi (粉丝), utando mkavu wa soya, fuzhu (腐竹), tambi kavu za pakiti. Tambi za pakiti za gramu 70 hukugharimu kama yuan 4 na ndizo zinazojaza tumbo.

Acha mahindi ya gunzi, figili nene, viazi vikubwa na tofu iliyojaa maji. Gunzi hulili lakini unalilipia.

Nyama na vitu vya baharini wakati mwingine hupimwa kwa bei nyingine, au huuzwa kwa mshikaki. Tazama kama rafu ina kibandiko tofauti.

Kabla hujaweka bakuli kwenye mizani, tazama kima cha chini. Maduka mengine hayapokei chini ya gramu fulani au yuan 15. Alama yake ni 起. Neno "mala" ni ukali wa aina mbili kwa pamoja: pilipili inayochoma na huajiao (花椒), kiungo kinachotia ganzi ulimi. Anayejivunia pilipili mbuzi asijidanganye, ganzi ni kitu kingine. Sema "bu la" (不辣), bila pilipili, au "wei la" (微辣), kidogo tu.

Samaki na vitu vya baharini ndiko watu hupigwa kweli. Samaki mzima huuzwa kwa jin, na samaki wa kawaida wa mezani ana jin 2 hadi 3. Ukiona bei ya 58 usiku wa sherehe, bili yake inaweza kuwa 150. Maneno 时价 maana yake ni bei ya siku, yaani uliza kwanza. Mwezi Oktoba 2015 mjini Qingdao mteja aliagiza kamba akidhani yuan 38 ni za sahani nzima. Akaambiwa ni 38 kwa kila kamba. Habari ile ilienea China nzima, na aliyenaswa alikuwa Mchina anayesoma Kichina vizuri. Kwa hiyo uliza, mbele ya mashahidi: "Zhe ge duoshao qian yi jin?" (这个多少钱一斤), hiki ni kiasi gani kwa jin. Kisha omba kipimwe ukiwa unaona.

Punguzo nalo lina kipimo chake. Neno zhe (折) hutaja unacholipa, si unachopunguziwa. 8折 maana yake unalipa asilimia 80. 3折 ndiyo nafuu kubwa. Na 第二份半价 ni kwamba ya pili ni nusu bei, ambayo ni nafuu kama mko wawili, na ni hasara kama uko peke yako.

Nje ya geti

Maduka ya kujua ni manne, na karibu kila chuo kina angalau matatu kati yake ndani ya mita mia chache.

La kwanza, na bora kwa wengi wetu, ni duka la tambi za Lanzhou, Lanzhou lamian (兰州拉面). Wengi wanaoyaendesha ni Waislamu kutoka Gansu na Qinghai, hakuna nguruwe jikoni, na bakuli la tambi kwa supu ya ng'ombe ni yuan 12 hadi 18. Nyama ni vipande vyembamba vinne au vitano, usitarajie zaidi. Tambi huvutwa kwa mkono papo hapo, na unaweza kuchagua unene: xi (细) nyembamba, jiuye (韭叶) bapa kama jani la kitunguu, dakuan (大宽) pana kama mkanda. Bakuli lisipotosha, usiagize la pili. Sema "jia mian" (加面), ongeza tambi, kwa yuan 2 au 3, na sehemu nyingine bure. Mezani kuna siki na pilipili ya mafuta, zote bure. Wali wa kukaangwa na yai, danchaofan (蛋炒饭), upo pia, na ndio chakula cha dharura cha asiyetaka tambi tena.

Ukiwa na wenzako watatu, duka hilohilo au la watu wa Xinjiang lina dapanji (大盘鸡), sahani kubwa ya kuku, viazi na pilipili hoho, yuan 60 hadi 100. Ikibaki nusu ya rojo, omba tambi pana zimwagwe humo. Wanne mkichangiana, kila mtu hutoa kama yuan 15 hadi 25, na huo ni mlo wa Ijumaa.

La pili ni huangmenji (黄焖鸡), kuku aliyepikwa na uyoga kwenye chungu, na wali, yuan 15 hadi 22. Asili yake ni Jinan. Agiza xiaofen (小份), chungu kidogo. Wali mara nyingi unaongezwa bure, na chungu kikubwa hakiongezi ila mifupa. Kuku hukatwakatwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo tafuna taratibu.

La tatu, Shaxian xiaochi (沙县小吃), kutoka Fujian: tambi zilizochanganywa na rojo ya karanga kwa yuan 7 au 8, vijungu vidogo vya supu, maandazi ya mvuke. Ni rahisi mno, lakini nguruwe yuko karibu kila mahali.

La nne ni la wali uliomwagiwa kitoweo na rojo juu, gaijiaofan (盖浇饭), yuan 14 hadi 20, na kitoweo hupikwa ukiwa umesimama hapo. Mpishi akikupigia mafuta mengi, ndivyo ulivyo.

Migahawa ya haraka ya kimataifa haifai kwa mazoea. Ina matumizi mawili: hali ya hewa mbaya, na pale unapohitaji meza yenye intaneti na soketi. McDonald's ina mchanganyiko wa vitu viwili kwa karibu yuan 14, ambao vijana wa China wenyewe wameubatiza chakula cha masikini. KFC ina ofa za Alhamisi. Vinywaji ndivyo vinavyotafuna mfuko kimyakimya. Chai ya maziwa ya yuan 15 kila siku ni 450 kwa mwezi. Mixue, duka la vinywaji, huuza maji ya limau yuan 4, ukishindwa kujizuia. Lakini vyuo, stesheni na vituo vingi vina maji ya moto ya bure, kaishui (开水). Nunua chupa ya chai na uibebe kama wanavyoibeba wao.

Mlangoni mwa mgahawa, tafuta kibandiko cha usalama wa chakula chenye herufi A, B au C, mara nyingi na uso unaotabasamu. Duka la C si lazima likuumize, ila msimu wa joto usile humo nyama baridi wala saladi.

Nyama isiyotajwa jina

Neno la nyama, rou (肉), likisimama peke yake ni kitimoto, yaani nguruwe. Nyama nyingine hutajwa kwa jina: 牛 ng'ombe, 羊 kondoo au mbuzi, 鸡 kuku, 鱼 samaki. Herufi ya nguruwe ni 猪, lakini kwenye menyu mara nyingi haiandikwi kabisa, kwa sababu kila mtu anajua. Kwa hiyo 肉包子, mkate wa mvuke wenye nyama, ni nguruwe.

Wasiokula nguruwe huumizwa zaidi na mboga. Biringanya iitwayo yuxiang qiezi (鱼香茄子), kwa maneno "harufu ya samaki", haina samaki na kwa kawaida ina nguruwe wa kusaga. Tofu ya mapo, yaani tofu kwenye rojo ya pilipili, huweza kuwa na nyama ya kusaga, na maharage mabichi ya kukaangwa, ganbian sijidou (干煸四季豆), vivyo hivyo. Supu ya malatang huweza kuwa ya mifupa ya nguruwe. Mikate ya mboga huweza kutiwa mafuta ya nguruwe, zhuyou (猪油). Ukimuuliza muuzaji "kuna nyama?" atajibu hapana kwa moyo safi, maana vipande vidogo vya kunogesha kwake si nyama.

Weka sentensi hizi kwenye simu kama picha, uzionyeshe badala ya kuzitamka:

我不吃猪肉,也不吃猪油。 Sili nguruwe, wala mafuta ya nguruwe.

有没有肉末? Kuna nyama ya kusaga ndani?

我对花生过敏。 Karanga zinanidhuru.

Kuonyesha ni bora kwa sababu ya toni. "Tang" kwa sauti moja ni supu, kwa nyingine ni sukari, na mhudumu aliyechoka hana muda wa kubahatisha ulichokusudia.

Mwislamu atafute herufi 清真 (qingzhen), ambazo kwa kawaida huwa juu ya mlango kwenye bango la kijani. Usitegemee maandishi ya Kiarabu. Kwenye maduka mengi yameondolewa, herufi mbili za Kichina zimebaki. Vyuo vingi vina bwalo au ghorofa ya 清真, na bei zake hazina tofauti kubwa na kwingine. Usiingie humo na chakula ulichonunua nje. Ni kosa linalowaudhi sana, na wana haki.

Meza ya watu wengi

Mgahawa wa Kichina umejengwa kwa watu wengi. Ukienda peke yako unalipia sahani moja ya yuan 35 ambayo ingetosha wawili. Mkiwa wanne, agizeni sahani nne na wali, si zaidi: moja ya nyama, moja ya tofu au mayai, mbili za mboga. Bili itakuwa yuan 100 hadi 130. Sahani ya tano ndiyo inayobaki. Ikibaki, sema "dabao" (打包), yaani nifungie. Hakuna aibu, kiboksi ni yuan 1 au 2.

Kuna vitu vinavyoingia kwenye bili bila kuitwa. Vyombo vilivyofungwa kwa plastiki, hasa kusini, yuan 1 hadi 3 kwa kila mtu. Guangdong kuna malipo ya chai ya mezani, chaweifei (茶位费). Kwenye hotpot, chungu cha supu inayochemka mezani mnamopikia wenyewe, supu yenyewe, guodi (锅底), na vikolezo, xiaoliao (小料), hulipiwa mbali na nyama. Pakiti ya tishu iliyowekwa mezani si zawadi. Kwa upande mwingine, bakshishi haipo, na bei ya menyu haiongezewi kodi.

Meza nyingi zina msimbo wa QR wa kuagizia. Kosa la kawaida ni kwamba wote mezani mnaandika kwenye kikapu kimoja. Watatu wakigusa wali uleule, yanakuja mabakuli matatu badala ya moja. Mtu mmoja aagize, na kabla ya kubonyeza 下单 (tuma oda) ahesabu vitu. Ukurasa ukikataa namba yako ya simu, ita "fuwuyuan!" na uulize "you caidan ma?" (有菜单吗), kuna menyu ya karatasi? Wakati wa kulipa sema "maidan" (买单), mmoja alipe, kisha atumie 群收款 kwenye kundi la WeChat kudai kila mtu sehemu yake papo hapo. Deni la chakula likilala, limekufa.

Mchina akikuambia "wo qing ni" (我请你), analipa yeye. Usigombee risiti kupita kiasi, lakini tenga yuan 60 hadi 80 za kumwalika nawe baadaye, la sivyo utapoteza rafiki kwa sababu ambayo hatakueleza.

Simu

Meituan ndiyo programu ya manjano ya kuletewa chakula. Bei ya sahani ndani yake huweza kuzidi ya dukani, kisha kuna malipo ya kifungashio (打包费), ya usafirishaji (配送费), na kima cha chini cha kuagiza (起送). Punguzo huandikwa 满30减8: ukifika 30, unapunguziwa 8. Tuseme unataka sahani ya 19, kifungashio na usafirishaji 5. Bila punguzo unalipa 24. Ukiongeza soda na yai ufike 30, unalipa 30 toa 8 ongeza 5, yaani 27. Umeongeza yuan 3 kwa vitu usivyovihitaji huku skrini ikikupongeza kwa kuokoa 8. Punguzo hilo lina faida mnapoagiza wawili chumba kimoja.

Sehemu ya 拼好饭 ndani ya Meituan huunganisha oda yako na za watu wengine, na mlo hushuka hadi yuan 10 hadi 15 pamoja na kuletewa. Machaguo ni machache na huchelewa. Asiyekula nguruwe akae mbali nayo isipokuwa duka ni la 清真.

Vyuo vingi haviruhusu pikipiki za chakula ndani. Mfuko huachwa kwenye rafu getini pamoja na mingine hamsini. Angalia tarakimu nne za mwisho za simu yako kwenye risiti kabla ya kuubeba, na shuka mara ukipigiwa, kwani mifuko hubebwa kimakosa.

Kinachofaa zaidi kwenye simu si kuletewa bali vocha za kwenda kula, tuangou (团购). Seti ya watu wawili ya yuan 120 huuzwa 70 au 80. Soma mambo matatu kabla ya kulipa: siku (周一至周五 ni Jumatatu hadi Ijumaa pekee), saa, na kama meza moja inatumia vocha moja tu. Chagua yenye 随时退, inayorudishwa fedha wakati wowote. Mwambie mhudumu "tuangou" kabla ya kuagiza chochote. Ukisema wakati wa kulipa, wengine watakuambia ofa haiunganishwi na ulichokwisha kula.

Maduka yakifungwa

Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, huvuruga hesabu yote. Mabwalo hubaki na dirisha moja au hufungwa, wenye maduka ya tambi hurudi Gansu na Qinghai kwa wiki moja au zaidi, na gharama za kuletewa hupanda kwa sababu waendesha pikipiki nao wamekwenda kwao. Mapema Januari uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ni bwalo lipi litabaki wazi na kwa saa zipi. Tenga yuan 300 za ziada mwezi huo. Supamaketi kubwa hazifungi kwa muda mrefu, na kaunta zake za chakula kilichopikwa hupunguza bei jioni, karibu na kufunga. Fika kama saa 2 usiku, ukatafute kibandiko cha 折.